Vidonge vya Mama Mkwe Wako

Mwanangu kitindamimba,

Kabla ya yote nakusalimu. Nakusalimu wewe, namsalimu mume wako, na huyo aliyemo tumboni namsalimu kivyake, maana yeye sasa ni mtu na salamu zake zisichanganywe na za watu wengine. Hujambo mama? Miguu imepungua kuvimba? Unalala ubavu kama tulivyokubaliana au unajilalia tu? Ile taa ya kwenye ngazi mumeo ameitengeneza, au bado mnapanda gizani kama wezi? Nijibu yote, usiruke hata moja kama unavyofanya kwenye simu.

Mimi ni mzima kiasi. Hilo neno kiasi nimeliweka kwa makusudi, utaona mbele lina kazi gani. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu nikianza kueleza jambo refu nalia, nikilia na wewe unalia, halafu mumeo anakunyang'anya simu na mimi nabaki naongea na hewa. Mwandiko uvumilie. Shule niliiacha kabla hawajatufundisha kuunganisha herufi, ndiyo maana zangu kila moja imesimama peke yake kama watu walionuniana.

Najua una swali moja kubwa, umelishika mdomoni tangu ulipofungua mlango. Lishike hapo hapo. Usimuulize mtu. Soma kwanza, nitalifikia.

Mwanangu, mimi nilipanga kuja. Tangu siku uliponiambia una mimba, kila nikikunja shuka kazini nilikuwa najiona kwako, nimekaa kwenye kile kitanda chembamba cha kando ya kabati, mjukuu wangu wa kwanza yuko mapajani. Nilitaka niwe wa kwanza kumwogesha. Nilitaka mkono wa kwanza autambue ni huu wangu. Na kwako kitanda cha mgeni ni kimoja, kwa hiyo bibi wa kuja ni mmoja. Ujinga wote utakaousoma humu niliufanya kwa sababu hiyo.

Kilichoanza kunitia hofu ni goti. Goti la kulia. Sikukuambia. Unajua kazi yetu ya dobi, kusimama kutwa mbele ya ile mashine ya kunyoosha ya mapipa mawili ya moto, mashuka ya hoteli yanaingia yamelowa yanatoka yamenyooka, huku unavuta, huku unakunja, mvuke unakupiga usoni. Goti likaanza kulia kama bawaba ya mlango. Baadaye likavimba. Asubuhi nikawa nashuka kitandani kama mtu anayeshuka kutoka juu ya mti. Nikanyamaza. Maana siku moja kwenye simu ulisema, tena ulisema kwa wema tu, kwamba mama ukiona huwezi safari usijilazimishe, mama mkwe yupo, amesema yuko tayari wakati wowote.

Yuko tayari wakati wowote. Hilo neno nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kazini.

Sasa mwanangu acha nikueleze ukweli wa moyo wangu kuhusu mama mkwe wako. Ni mwanamke mzuri, hana baya. Hilo ndilo linalochosha. Miaka yote alipiga chapa ofisini, amekaa kwenye kiti, mikono yake laini kama ya mtoto. Anaongea kama mtu wa redio. Viatu anavyo vingi, kila kimoja kina mwenzake na kina mfuko wake. Vikombe vyake havina pengo. Yote hayo nilimsamehe. Nilichoshindwa kumsamehe ni pale anapokutaja wewe akasema binti yangu. Binti yangu amepiga. Binti yangu anakusalimu. Nami nimekaa hapo kwenye kochi lake, niliyekubeba mgongoni nikafua nguo za watu, natabasamu kama niliyeletewa habari za mtoto wa jirani.

Ndipo mumeo alipokuja kikazi na mizigo yako. Mimi akaniletea kile kitambaa cha kijani na sabuni za maua. Nikashukuru, nikakinusa, nikajifunga kichwani hapo hapo. Kisha akafungua mkoba akatoa boksi la dawa, lina mstari wa dhahabu, akamwambia mama yake, hizi mke wangu amekutumia za goti. Mama mkwe wako akalishika lile boksi kwa mikono miwili. Akalisoma mbele na nyuma. Akasema, jamani binti yangu huyu. Vidonge vilikuwa nusu vyekundu nusu vyeupe, vinang'aa.

Mimi nikashika kitambaa changu. Nikajisemea moyoni, yeye ana goti, na mimi nina goti. Yeye ameletewa dawa, mimi nimeletewa cha kufunika kichwa. Najua, najua, hukuwa na habari na goti langu. Nilikuwa nimekuficha mwenyewe halafu nikakukasirikia kwa kutokujua. Wivu hauna akili mwanangu, unataka tu pa kukaa.

Nikavumilia mpaka nikaona mwenzangu anatembea. Anapanda ngazi zake bila kushika ukuta. Nikaenda kwake nikamwambia, mkwe, na mimi goti linanisumbua kidogo, nigawie vile vya binti yetu. Nililitia mkazo hilo neno yetu. Akaweka kikombe chini. Akasema, mkwe wangu, ningekuwa na mkate ningekupa wote, lakini hivi siwezi, binti yangu alinisihi mno, mama ana presha na zamani tumbo lilimsumbua, hivi vidonge vitamuumiza, asiviguse. Akaniambia twende kwa daktari, atanisindikiza yeye mwenyewe. Nikamwambia hapana, ni maumivu madogo tu, nilikuwa natania. Nikacheka. Nikanywa chai yake yote, nikashukuru.

Njiani nilikuwa nachemka. Sikumwamini hata neno moja. Nilijua ni choyo, amekipata kitu chake cha dhahabu hataki mwenzake akionje. Na nikaona anataka goti langu libaki bovu ili kitanda cha kando ya kabati kiwe chake. Mtu mzima mimi, nikawaza hivyo mpaka nikapitiliza nyumba yangu mwenyewe.

Kesho yake nikaingia duka la dawa la karibu na kazini. Jina la dawa sikulijua, nikamweleza muuzaji kwa rangi: nusu nyekundu, nusu nyeupe, za goti, za watu wenye nafasi. Akacheka akasema mama, rangi si jina. Lakini akaja na vinavyofanana. Hakunipa hivi hivi, nisimsingizie. Aliniuliza kama nina presha. Nikasema sina. Akauliza vidonda vya tumbo. Sina. Kuna dawa nyingine yoyote ninayotumia. Hakuna. Mwanangu, nilimjibu haraka haraka kama mtoto anayeulizwa nani kala sukari, maana niliona nikisema kweli atavirudisha kwenye kabati. Akaniambia nile kwanza chakula cha kushiba ndipo nimeze, nisizidishe, na maumivu yakipoa niache, nisivifanye vya kila siku. Nikaitikia. Nilikuwa nimeshika mlango tayari.

Sasa kumbuka pale kazini tuna vile vidogo vya rangi ya waridi, vya mgongo. Yule mwenzangu wa kukunja, tunamwita Kasuku kwa kuongea kwake, huwa navyo kwenye mfuko wa aproni, anagawa kama pipi. Mgongo ukikaza, unanyoosha kiganja, anakutilia. Vile nilikuwa navimeza tangu zamani. Sikuona sababu ya kuviacha. Hivi ni vya mgongo, vile ni vya goti, kila kimoja na njia yake. Ndivyo nilivyodhani, kwamba kidonge kikishuka kinauliza njia ya kwenda kwenye goti.

Asubuhi nikawa nameza chekundu na chai ya rangi, bila kitu kingine, maana nikila mapema natapika kwa mvuke. Mchana cha waridi. Jioni chekundu tena. Na goti likanyamaza, mwanangu. Likanyamaza kabisa.

Unajua nilifanya nini? Nilifunga kitambaa changu cha kijani nikaenda kwa mama mkwe wako. Nikapanda zile ngazi zake kwa kasi. Nilipofika juu nikajifanya nimesahau mwavuli chini, nikashuka, nikapanda tena. Mwavuli sikuwa nao. Yeye amesimama mlangoni na vile viatu vyake vya ngozi, ananitazama tu. Akaniuliza, mkwe, umekula nini? Nikamwambia mazoezi. Akauliza mazoezi gani. Nikasema ya kunyoosha. Akanitazama miguu, akasema mbona viatu vimekubana. Kweli miguu ilikuwa imeumuka kama unga wenye hamira. Nikamwambia ni joto. Na kila jioni nikawa nampigia simu, namuuliza hali yako, kumbe nataka tu asikie ninavyotembea huku naongea.

Haya yanayofuata naona haya kuyaandika, lakini wewe ni mwanangu, na mimi nilikufuta wewe kila mahali. Tumbo lilianza kuwaka, hapa juu chini ya kifua. Nikanywa maziwa. Kisha choo kikawa cheusi. Si cheusi cha kula mboga za majani, cheusi cha lami, kinanata, na harufu yake si ya kawaida. Nikajiambia kitapita. Presha dawa zake nilikuwa nameza kama siku zote lakini kichwa kilinigonga kutwa. Nikipanda hata hatua ndogo napumua kama niliyekimbia. Ila goti zima. Nikawa najisifu kwa goti huku mwili mwingine wote unabomoka.

Nilianguka kazini, mbele ya mashine, shuka la hoteli mkononi. Kasuku anasema nilishuka polepole kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Shukuru kwamba nilianguka kwa nyuma, sikuangukia kwenye mapipa ya moto. Yule mtoto wa watu akachukua simu yangu akapiga namba ya juu kabisa, ile niliyopiga mwisho. Na namba ya juu ilikuwa ya nani? Ya yule niliyekuwa nampigia kila jioni kumringia.

Mama mkwe wako alifika hospitali kabla hawajanitundikia chupa. Mguu mmoja kiatu cha kahawia, mguu wa pili kiatu cheusi. Yeye. Nilikuwa nimelegea lakini hilo nililiona, na nikuambie kweli, hata pale nilifurahi kidogo.

Daktari wetu alikuwa mwanamke kijana, ana sauti ya upole lakini hana mchezo. Akaniuliza ni dawa gani ninazomeza. Nikasema za presha. Na nyingine? Nikafumba macho. Mama mkwe wako akasema, samahani mkwe, akachukua mkoba wangu akaumimina wote kitandani. Kitana, funguo, pipi, vyekundu vyangu, vya waridi vya Kasuku. Akatoa na boksi lake la dhahabu akaliweka pembeni, akamwambia daktari, mimi nilimnyima hivi, nadhani amekwenda kutafuta vyake.

Daktari akavitazama kimoja kimoja. Akaniambia mama, hivi vyekundu na hivi vya waridi ni ndugu wa tumbo moja, wamevaa tu nguo tofauti. Umekuwa ukimeza dawa ile ile mara mbili. Ukiteremsha dawa za jamii hii kwenye tumbo tupu, siku baada ya siku, zinakwangua tumbo mpaka linatoa damu, na ile lami uliyoiona ilikuwa damu yako. Akasema tena kwamba zinapandisha presha, zinazuia hata dawa yake isifanye kazi vizuri, zinajaza maji miguuni, na figo za mtu wa umri wangu zinalemewa. Wakanipitisha mpira wenye kamera kooni, wakaona kidonda. Wakaniongezea damu. Usilie. Nimekuambia mwanzo mimi ni mzima kiasi, na hicho ndicho kiasi chenyewe.

Nilimuuliza daktari mbona huyu mwenzangu anazimeza na anatembea kama bwana harusi. Akamhoji mwenzangu, kisha akasema huyu alipimwa kwanza, hana presha, figo zake zinaangaliwa, anakula ndipo anameza, ana kidonge kingine cha kulinda tumbo, na goti likitulia anapumzika, hamezi kwa mazoea. Nikamgeukia mama mkwe wako nikamuuliza, kumbe kuna kingine cha tumbo? Akasema kipo, kidogo, hakina rangi, ndiyo maana hukukionea wivu.

Mwanangu, nilicheka mpaka mpira wa damu ukatikisika na nesi akaja juu.

Basi akakaa pale kwenye kiti cha chuma. Siku zile zote alikaa. Akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Akasema, mkwe, mimi naletewa dawa kwa sababu nilipimwa zikaandikwa, ni kitu cha kununua dukani kwa jina. Wewe uliletewa kitambaa. Mwanangu aliniambia mkewe alizunguka maduka na tumbo lake lile akitafuta kijani cha kukufaa wewe. Mimi hakuna aliyewahi kunizungukia dukani. Na mimi ananipigia mara moja moja, wewe anakupigia kila siku, najua kwa sababu kila nikikupigia nakuta unaongea naye. Alisema hayo kwa ile sauti yake ya redio, anatazama viatu vyake vya rangi mbili. Nikampa nusu ya chungwa langu.

Sasa sikiliza, hili ni la kwako. Nilipopata nguvu nilimuuliza daktari habari zako, maana wewe mgongo unakuuma na nyumba yenu haikosi vile vidonge anavyomeza mumeo akiumia kwenye mpira. Daktari akasema mjamzito asiziguse dawa hizi, na miezi hii ya mwisho ndiyo hatari zaidi, zinaweza kumdhuru mtoto kwenye moyo na kwenye figo, na kupunguza maji anayoogelea. Ukiumwa nenda kwa mkunga wako aseme yeye utumie nini. Usimeze kwa sababu jirani kameza. Usimeze kwa sababu rangi inafanana. Soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo, wewe shule umeisoma. Na ukiulizwa dukani, jibu kweli, hata kama kweli itakunyima.

Mimi sasa nameza parasetamo kwa kipimo nilichopewa, na dawa ya kuponya kidonda. Goti nalikanda kwa maji ya moto, na kuna mazoezi ya kunyoosha, ya kweli safari hii. Hata dawa ya kupaka nimeambiwa niulize kwanza. Kasuku nimemkataza kugawa vile vidonge vyake, akasema basi atagawa pipi kweli, na kazini wananiita Daktari Lami. Waache.

Nafika kwenye swali lako. Daktari amesema safari hapana. Si mwezi huu, wala unaofuata. Nisisimame muda mrefu, nisibebe, nisikae mbali na hospitali. Nilimwambia nina mjukuu anakuja. Akasema mjukuu atamtaka bibi aliye hai. Nililia usiku na mchana, siwezi kukuficha.

Kisha nikamwita mama mkwe wako nikamwambia, mkwe, nenda wewe. Yeye hakuomba, mwanangu, nataka ulijue hilo. Hakuwa amefunga hata begi. Aliponisikia alikataa, akasema atakaa aniuguze. Ikabidi nimbembeleze mtu achukue kile nilichokuwa nakilinda kwa vidonge. Nilimkatia tiketi mwenyewe, nisije nikabadili moyo. Ndiyo maana ulipofungua mlango umemwona yeye na si mimi. Barua hii nilimpa mkononi, nikamwapisha asiifungue. Sasa hivi najua amekaa kwenye kiti cha jikoni anajifanya hakutazami unavyosoma.

Mkaribishe. Mpe chakula kabla ya kidonge chake, maana akiwa na furaha anasahau kula. Lile boksi akae nalo mbali na wewe, kwenye begi lake, lifungwe. Asibebe ndoo kwenye zile ngazi zenu, goti lake si zima kama anavyojidai. Mwache amwogeshe mtoto. Ana mikono laini, itamfaa mtoto. Mwache na kumwimbia, sauti anayo, tufanye nini. Lakini asimfundishe kuita bibi kabla sijafika.

Na kwenye begi lake, chini kabisa, nimeweka kitambaa changu cha kijani. Nilikilalia hospitali, nimekilalia na hapa. Mtoto akishaogeshwa, mfunike hicho kwanza. Usikifue.

Mimi nipo kwa mama mkwe wako, namtunzia nyumba, na mdogo wake yupo ananipikia na kunisindikiza kliniki. Nimeandika haya mezani kwake, nakunywa maji kwa kikombe chake kisicho na pengo. Viatu vyake vyote vinanitosha. Hilo usimwambie.

Msalimu mumeo, mwambie taa ya ngazi. Msalimu huyo aliyemo ndani, mwambie wa kijani ndiye mimi. Na huyo aliyekaa hapo jikoni, muite mama. Mara moja moja.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako